Mizizi ya Fundi

Nianze na kosa langu kabisa, maana nawajua watu: watalitafuta tangu mwanzo mpaka mwisho, na mimi sina haja ya kuwachosha. Nilikuwa namwekea mume wangu dawa kwenye kinywaji chake cha asubuhi bila yeye kujua. Si dawa ya mapenzi, msinicheke. Dawa ya hospitali, ya kidonge, iliyoandikwa na daktari kwa jina lake mwenyewe. Nilifanya hivyo miezi saba. Anayetaka kunihukumu na anihukumu, ila asikilize kwanza.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Mtaa mzima unamwita Fundi, na mimi namwita Fundi, mwaka wa ishirini na mbili huu. Yeye ananiita Bibie. Watu wanaleta kochi limechoka, springi zimetokeza, kitambaa kimeliwa na makalio ya wageni. Yeye analivua, anang'oa misumari, anabadilisha sponji, na mimi nipo kwenye cherehani pale dirishani nashona vazi jipya. Kitambaa kikishakuwa tayari tunakivuta pamoja, mmoja huku na mmoja kule, halafu yeye anagonga. Ndiyo maana hatujawahi kununiana zaidi ya nusu siku. Kazi yenyewe haikubali.

Fundi ana tabia ya kujaza misumari midogo mdomoni wakati wa kazi. Kumi, kumi na tano, anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi na kuigonga. Nimemkataza mpaka nimechoka. Siku moja nilikuwa nashona, nikagundua kwamba kwa muda mrefu sijasikia nyundo. Nikageuka. Alikuwa amesimama mbele ya kiti kilichovuliwa, nyundo mkononi, mdomo umejaa misumari, na machozi yanamtiririka bila sauti. Nikamuuliza, "Fundi, kuna nini?" Nikamwambia afungue mdomo, nikaanza kuitoa misumari kwa vidole vyangu, na yeye akaniachia kama mtoto anayetolewa mwiba wa samaki. Nilitoa kumi na minne. Sijawahi kuogopa vile katika ndoa yangu.

Aliyetuonyesha njia ni mdogo wangu. Sisi nyumbani tunamwita Kitinda, kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yetu, na mama alipofariki mimi ndiye niliyemaliza kumlea. Anafundisha watoto wa shule ya awali, wale wa kuimba na kupaka rangi. Ukimwona anavyoruka nao kama chura hutadhani kwamba naye aliwahi kulala wiki mbili akitazama ukuta. Alikuwa anameza vidonge mwaka wa pili, anakwenda kazini, anacheka, analipa pango la chumba chake. Yeye ndiye aliyemshika Fundi mkono akampeleka kwa daktari wake.

Daktari alikuwa kijana, lakini mwenye adabu. Alimwambia, "Mzee, hii inaitwa sonona. Ni ugonjwa, si uvivu, wala hujalogwa." Akaandika vidonge. Kisha akasema, "Tembea asubuhi, jua likupige, lala kwa wakati, usijifungie ndani, ongea na watu. Hayo nayo ni tiba, na wapo ambao yanawatosha. Lakini kwako wewe, kwa ulivyo sasa, usiache kidonge bila kuja kuniona." Tulikuwa wawili tumekaa mbele yake, mimi na Fundi. Nadhani mwenzangu alisikia nusu ya kwanza tu.

Basi, Fundi akameza, na baada ya wiki sita nyundo ikarudi. Miezi mitatu tulikaa vizuri. Halafu likaja kochi la kijani.

Ukivua makochi ya watu unakuta mengi ndani: vitana, kalamu, vifungo, siku moja tulikuta meno ya bandia. Fundi ni mwaminifu, kila kitu anakitia kwenye mfuko na kumrudishia mwenyewe. Ndani ya kochi la kijani alikuta kijitabu kisicho na jalada, kurasa za kwanza zimechanika, hakijulikani nani kakiandika. Kilikuwa kinaeleza jinsi ya kuponya huzuni kwa njia za asili bila kidonge hata kimoja. Mwenye kochi alipokuja alikana, akasema si chake, hajawahi kukiona. Fundi akanigeukia, uso umemng'aa. "Bibie," akasema, "kama si chake, basi kimeletwa kwangu." Mtu mzima na akili zake, anaamini kochi limemletea barua.

Kijitabu kilisema utembee peku kwenye nyasi alfajiri, uoge maji ya baridi, uache sukari, uote jua mgongoni, na unywe mizizi ya aina tatu iliyochemshwa dakika ishirini, kabla ya kula chochote. Mimi sikuwa na ugomvi na nyasi wala jua. Mizizi nayo ilipatikana sokoni, nikainunua mwenyewe. Ugomvi wangu ulikuwa vidonge, ambavyo alivitupa siku hiyohiyo kwenye pipa pamoja na mabaki ya sponji. Nilipomwambia turudi kwa daktari alinijibu kitu ambacho sikuweza kukivuka. "Bibie, kila nikimeza kile kidonge najiambia kwamba mimi ni kichwa kibovu. Niache nipone kama binadamu." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningemweza.

Nikamwacha. Akatembea peku, akaoga baridi akitetemeka, sukari ikahama nyumba. Wiki ya tano akaanza kukaa mbele ya viti bila kugonga. Wiki ya sita akaacha kula mchana. Na wakati wote huo anafuata masharti, hakosi hata siku moja, anatoka alfajiri na kurudi na miguu imejaa umande, anazama huku anatembea. Siku moja aliniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama ningeweza kuiendesha karakana peke yangu. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, "Nauliza tu."

Kesho yake nilikwenda na kadi yake kwenye dirisha la dawa. Mfamasia, mama mmoja mnene wa maswali mengi, akaniuliza mbona mwenyewe haji. Nikasema ana kazi. Akanipa. Nikarudi nyumbani, na asubuhi yake, Fundi akiwa huko kwenye nyasi zake, nikakisaga kidonge kwa tako la kijiko na kukikorogea kwenye kikombe cha mizizi. Ile mizizi ni michungu mpaka masikio yanasimama. Ungeweka humo sabuni asingejua. Akaja, akanywa, akakunja uso, akasema, "Inafanya kazi hii, naisikia." Nikajibu, "Kunywa yote."

Ikafanya kazi. Mwezi haujaisha vizuri nyundo ikarudi, na safari hii ikaja na mluzi juu yake. Akanenepa. Na mdomo ukafunguka, jamani. Kila mteja aliyeleta kochi alihubiriwa kabla ya kupimwa kitambaa. "Mimi unayeniona hapa nilikuwa maiti inayotembea. Mizizi, jua, nyasi, basi. Vidonge nilitupa." Wateja wanatikisa kichwa, wengine wanaandika majina ya mizizi. Mimi pale dirishani nakanyaga cherehani yangu, najisemea moyoni, hubiri baba, hubiri, kikombe chako nakijua mwenyewe. Nilijiona mjanja. Nilijiona mke ambaye wanawake wengine wangekuja kujifunza kwake.

Kitinda alikuwa anakuja kwetu kila Jumamosi. Anashinda, tunakula, anasaidia kukunja vitambaa. Jumamosi moja alikuwa anamtazama Fundi akiinua kiti peke yake, akasema, "Shemeji, umekuwa kijana." Fundi hakungoja kuulizwa mara mbili. Akaketi kwenye kochi la mteja, akatoa kijitabu chake, akamsomea shemeji yake kurasa tatu nzima. Kitinda alisikiliza huku amekunja miguu. Alikuwa amechoka na vidonge, aliwahi kuniambia. Vinamlegeza, vinamnenepesha, na wapo walimu wenzake waliomwona akimeza na kuanza kunong'ona.

"Na wewe uliacha tu?" akamuuliza. "Ghafla?"

"Siku moja. Nilitupa kwenye pipa lile pale. Muulize dada yako."

Kitinda akanitazama. Sindano ilikuwa mkononi. Nikasema, "Kila mtu na mwili wake. Kamuulize daktari kwanza." Hayo ndiyo maneno yangu yote. Nilipompata jikoni peke yake niliongeza, "Usiache, mdogo wangu." Akaniuliza, "Mbona yeye kaacha na yuko mzima?" Nikafungua mdomo. Nikafikiria Fundi ataniangalia kwa macho gani akijua, nikafikiria atatupa kikombe na kurudi kule alikokuwa, nikafunga mdomo. Nikasema tu kwamba chai inachemka. Mnaona nilivyo. Mwanamke wa kusema na mtaa mzima, siku ya kusema neno moja la maana nikataja chai.

Akaacha. Wiki ya kwanza alipata kizunguzungu, akasema akigeuza shingo anasikia kitu kama umeme kichwani. Fundi akamwambia ni sumu inatoka, kijitabu kimesema. Kitinda akavumilia. Alikuwa mwanafunzi mzuri tangu utoto, yule wa kupiga mistari kwa rula. Alinunua daftari, akalichora: kutembea, jua, maji baridi, mizizi, na kila siku anaweka alama. Hakuacha pengo hata moja. Kila Jumamosi alilileta daftari likiwa limejaa alama, na yeye mwenyewe amepungua. Kwanza mashavu, halafu sauti. Akaacha kusimulia habari za watoto wake wa shule.

"Shemeji, mbona mimi hainishiki?" akamuuliza Fundi mwezi wa pili.

"Unachemsha dakika ngapi?"

"Ishirini. Natazama saa."

"Ongeza tano. Na usiwe na wasiwasi moyoni. Mizizi haipendi wasiwasi. Lazima uamini."

"Naamini, shemeji."

"Amini zaidi."

Niseme ukweli, sikumchukia mume wangu alipokuwa anasema hivyo. Alikuwa anampenda shemeji yake, alikuwa anampa kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo. Niliyemchukia nilikuwa namwona kila nikijitazama kwenye kioo cha kabati. Kila Jumapili nilijiapiza kwamba Jumamosi ijayo nitasema. Kila Jumamosi Fundi alikuwa anapiga mluzi, nami nikawa nasema afadhali wiki moja zaidi, Kitinda ni mgumu, atatulia, au atarudi mwenyewe kwa daktari. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndivyo walivyosema wahenga. Mimi nilikuwa naficha dawa, nikadhani methali hainihusu.

Mwezi wa tatu, Ijumaa moja, Kitinda alikuja na mfuko wa nguo akaomba alale kwetu. Akaniambia, "Dada, kesho alfajiri niamshe. Nataka nione kwa macho yangu unavyoichemsha ya shemeji. Lazima kuna kitu nakosea." Niliitikia. Niligeukageuka kitandani nikipanga maneno, nikayapanga vizuri kweli, mwanzo, kati na mwisho.

Alfajiri sikuhitaji kumwamsha. Nilimkuta jikoni amekaa kwenye kigoda, daftari magotini, kalamu tayari. Fundi alikuwa ameshatoka. Mimi nilikuwa na kidonge mkononi, nimekitoa kwenye maficho yake kabla sijamwona, nikafumba kiganja. Nikawasha jiko kwa mkono mmoja. Nikapima maji kwa mkono mmoja. Akaandika: vikombe viwili. Akashika mizizi, akaipima kwa vidole, akaandika. Akaniuliza naanza na upi. Nikamwambia. Akaniuliza nafunika au sifuniki. Nikamwambia nafunika. Tukakaa dakika ishirini tukitazama sufuria, mabega yanagusana, na alikuwa amekonda mpaka nikausikia mfupa wake kwenye wangu. Maneno yangu yote yalikuwa yamekaa sawasawa kooni. Nilichotakiwa ni kufungua mkono tu.

Alipomaliza kuandika alilinganisha ukurasa ule na ukurasa wake wa zamani, mstari kwa mstari, kwa kidole. Akafunga daftari taratibu.

"Nafanya vilevile," akasema. "Hakuna tofauti yoyote. Basi kasoro ni mimi."

"Usiseme hivyo, Kitinda."

"Nasema kilichopo, dada. Dawa ni moja, masharti ni yale yale, yeye kapona. Mimi ndiye nisiyeponeka."

Nikamimina kikombe cha Fundi. Nikampa Fundi aliporudi, cha mizizi mitupu, akanywa akasifia. Kitinda akaondoka kabla ya chakula. Nilipofumbua kiganja hakukuwa na kidonge tena, kulikuwa na uji mweupe kwenye mikunjo ya mkono. Nikanawa. Siku ile ndiyo pekee katika miezi saba ambayo Fundi hakunywa dawa yake.

Wiki iliyofuata shule zilifungwa. Kama zingekuwa wazi, wenzake wangeuliza mwalimu yuko wapi. Jumatatu jioni simu yangu ililia, nikaona jina lake. Nilikuwa nashona pindo la kochi refu. Ningeweza kusimamisha cherehani. Pindo halina roho. Lakini nilijua ataniuliza lile lile, na nilikuwa sina uso wa kulijibu. Nikaiacha ilie mpaka ikanyamaza. Hakupiga tena. Jumanne sikumpigia, Jumatano sikumpigia, Alhamisi nikajidanganya kwamba Jumamosi si mbali.

Ijumaa asubuhi mwenye nyumba wake alinipigia. Alisema maji ya bomba yanasikika yakitiririka chumbani kwa mwalimu tangu juzi na akigonga haitikiwi. Fundi alichukua tindo na nyundo yake, tukaenda, akaung'oa ule mlango pamoja na kitasa chake. Nilikuwa nyuma yake nimemshika shati. Nilikuwa nimeshaamini kwamba tunaenda kumkuta amefariki, na nilikuwa nimeshaanza kulia.

Alikuwa hai. Alikuwa kitandani, chali, macho wazi. Hakuwa amejidhuru, hakuwa amemeza kitu, hakuwa amefanya chochote, na hicho ndicho kilichonitisha: kwa siku nne hakufanya kitu hata kimoja. Hakula, hakunywa, hakuinuka ila mara moja tu. Alikuwa amejilowesha. Ulimi wake ulikuwa umekauka kiasi kwamba alipotaka kusema haukugeuka. Bomba alilifungua siku ya pili akitaka kuoga maji ya baridi, kama masharti yanavyosema, akarudi kitandani kabla ya kuoga. Daftari lilikuwa mezani, na kwenye safu ya kuoga alikuwa ameweka nusu ya alama.

Hospitali walimtundikia maji. Daktari alituambia tungechelewa siku moja zaidi, figo zisingemngoja. Tulikaa kwenye benchi la korido, mimi na Fundi, nyayo zetu bado zina maji ya chumbani kwake. Fundi alikuwa ameinama, viwiko magotini. Alikuwa analia, na katikati ya kulia akasema, "Kuna mahali hakufuata. Angefuata kama mimi asingefika hapa."

Labda angesema kitu kingine chochote ningenyamaza tena. Sijui. Ninajua tu kwamba kwa neno lile nilishikwa na hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake, ilikuwa juu yangu mwenyewe.

"Amefuata kila kitu," nikamwambia. "Wewe ndiye hukufuata."

Akainua kichwa.

"Unakunywa vidonge, Fundi. Kila asubuhi. Nakisaga kimoja, nakitia kwenye mizizi yako. Ninavichukua kwa kadi yako kwenye dirisha la dawa. Mizizi haijakuponya. Umeponywa na kile ulichotupa kwenye pipa."

Nesi alipita na toroli. Fundi alingoja mpaka lilipopita, mtu mwenye adabu mpaka mwisho.

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiuliza kama naweza kuiendesha karakana peke yangu."

"Kila siku?"

"Kila siku isipokuwa moja."

Nilifikiri atanipiga, ingawa hajawahi. Nilifikiri atainuka aende zake. Alichofanya ni kuanza kuwataja watu, polepole, kwa vidole: yule mteja wa viti vya ukumbi, yule mama wa stuli, yule dereva wa lori ambaye mkewe haongei. Wote aliowaambia watupe. Alipoishiwa vidole akasema, "Na huyu." Kisha akasema, "Ingia ukamwambie. Kunificha mimi ni jambo la mimi na wewe. Lakini huyu amelala mle anadhani ameumbwa vibaya. Ingia sasa hivi."

Niliingia. Kitinda alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala, tangu utoto namjua akijifanya. Nikamwambia. Yale maneno niliyoyapanga vizuri yote yalipotea, nikasema hovyo, nikianzia katikati, nikirudi nyuma, nikijitetea na kuacha kujitetea. Nilipomaliza alifumbua macho.

"Ile alfajiri jikoni," akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Kilikuwa wapi?"

"Mkononi."

"Nilipokuwa naandika?"

"Ndiyo."

"Nilipokuambia kasoro ni mimi?"

"Kilikuwa mkononi, Kitinda. Nisamehe."

Aliutazama mkono wangu, ule wa kulia, uliokuwa juu ya shuka yake. Nikautoa mwenyewe. Hakunitukana. Nilitamani anitukane, Mungu ndiye shahidi wangu. Alisema, "Nilikupigia Jumatatu. Nilitaka kukuuliza kama ulikumbuka nikiwa mtoto nilikuwa hivi, au nimekuwa hivi baadaye. Nilidhani wewe ndiye unayenijua." Kisha akasema amechoka, niende nyumbani.

Sasa ni mwaka. Wote wawili ni wazima, na ninamshukuru Mungu kwa hilo kila ninapoamka, nataka lieleweke. Fundi alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la dawa kwa kadi yake. Alimtafuta kila mteja aliyewahi kumhubiria. Yule dereva wa lori alimpata kwenye maegesho baada ya siku tatu za kuulizia, na mkewe alikuwa hajaacha, alikuwa mjanja kuliko sisi. Bado anatembea asubuhi, daktari amesema atembee, jua na kutembea ni vyema. Kijitabu sijui alikipeleka wapi. Kidonge anakimeza mchana mbele ya meza ya kazi, kwa maji anayoyakinga mwenyewe bombani, ndani ya kikombe anachokiosha mwenyewe kwanza.

Hagombani nami. Tunavuta kitambaa pamoja, mmoja huku na mmoja kule, tunaongea habari za vitambaa. Lakini hali chakula changu. Hakuwahi kutangaza, hakuwahi kusema "kuanzia leo". Siku ile tuliporudi kutoka hospitali nilimpakulia, akasema hana njaa. Kesho yake akaja na mkate alioununua njiani. Sasa ana sufuria yake ndogo. Anapika mayai, anapika viazi, anaungua vidole. Mimi nimezoea kupikia watu wawili, mkono haujajifunza kupunguza, kwa hiyo chakula kinabaki na ninawapa majirani. Majirani wanakisifia.

Kitinda alirudi shuleni muhula uliofuata. Jumamosi anatembea na Fundi, wanazunguka mtaa mzima wakiongea, nawasikia wakicheka wakiwa kwenye kona, wakifika kwetu wanapunguza sauti. Huwa anaagana na Fundi nje. Jumamosi iliyopita jua lilikuwa kali, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana aliingia ndani, akaketi ukingoni mwa kiti, jasho linamtoka kwenye paji la uso, anahema. Nikasimama nikijigonga kwenye cherehani. Sikumtajia chai. Nilichukua glasi ya kioo, ile inayoonyesha, nikaisuuza mbele yake, nikakinga maji mbele yake, matupu, nikamletea kwa mikono miwili.

Akaipokea. Akaiinua kidogo kuelekea dirishani, akaitazama. Halafu akaiweka mezani kwa upole, mbali kidogo na yeye.

"Ahsante, dada," akasema. "Sina kiu."